Kuuza Spea Si Kuchukua Boksi Rafuni

Wengi huamini kwamba kazi ya muuza spea ni nyepesi: unamtajia aina ya gari na mwaka, anakupa kifaa. Si kweli. Magari ya jina moja na mwaka uleule huweza kuwa na injini tofauti, hata breki za vipimo tofauti, maana watengenezaji hubadilisha vifaa katikati ya mwaka. Ndiyo maana sisi wauzaji tunaomba namba ya chesisi, ambayo kwa magari mengi ina herufi na tarakimu 17, pamoja na kifaa cha zamani. Alteneta mbili, yaani vifaa vya kuchaji betri, hufanana kama mapacha mpaka uhesabu mifereji ya puli, lile gurudumu linalopitisha mkanda, au utazame soketi ya waya. Maswali yetu humchosha mteja aliyekwama, naelewa kabisa, ila kifaa kisichokaa humrudisha kaunta siku hiyohiyo.