Ruzuku yetu inafuata zao, haitazami mahali

Kila pembejeo zinapoanza kugawiwa kwenye AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, huulizwa swali lilelile: dawa inatolewa bure, mbona bado kuna mikorosho inaliwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga? Mimi ni mchumi kilimo, na jibu langu huanzia kwenye maji.

Chukua Newala au Tandahimba, wilaya za korosho mkoani Mtwara. Uwanda wa Makonde ni mchanga; mvua ikinyesha inazama, na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema. Sasa mkulima wa huku juu na mwenzake wa kando ya mto Lukuledi wakipewa kiuatilifu cha maji kwa kiwango kimoja, kwenye daftari wako sawa. Shambani, yule wa bondeni anachota mtoni. Wa juu ananunua maji kwa dumu ndipo achanganye dawa, na hapo hajalipa petroli wala kijana wa kupulizia. Akiishiwa, kangomba yupo, yule mnunuzi wa magendo anayetoa fedha kabla ya mavuno, anasubiri korosho za miti ambayo hata haijatoa maua. Ndiyo maana wazee wengi wa uwandani wanang'ang'ania salfa ya unga, dawa nyingine ya ubwiriunga: haihitaji maji, inataka umande wa alfajiri uishikishe kwenye majani na upepo uwe umetulia. Mtaalamu anayewaita wakaidi hajanunua dumu la maji Newala mwezi Julai.

Ulaya Magharibi walianza mwaka 1975 kumlipa mkulima wa milimani, siku hizi kwa hekta, kufidia gharama anazoongezewa na mlima wenyewe. Kwetu ruzuku hufuata zao. Vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/09 zilifuata mahindi na mpunga. Salfa inafuata mikorosho iliyosajiliwa, kwa hiyo mwenye miti mingi hubeba mifuko mingi. Mama mwenye muhogo na mbaazi zake juu ya mchanga uleule harudi na kitu.

Wala salfa hiyo ya bure nisingeiita zawadi. Korosho ghafi inatozwa ushuru ikisafirishwa nje, na hadi 2018 sheria ilirudisha asilimia 65 ya fedha hizo kwenye tasnia ya korosho.

Fidia ya kila hekta ni ghali, sitegemei kuiona karibuni. Lakini kanzidata ya wakulima tunayo, na kijiji cha kila mmoja kinajulikana. Kwa ubwiriunga, salfa ya unga ipandishwe uwandani kwanza, viuatilifu vya maji vibaki kwa wenye mito.