Je, wajua kwa nini bahari ya Malindi huwa nyekundu hata siku za jua kali?

Novemba, ufuoni Malindi. Jua linawaka, wiki nzima halijaanguka hata tone, lakini maji yaliyo mbele yako yana rangi ya chai ya maziwa. Mgeni aliyevutwa na picha za maji ya samawati hununa. Ukimuuliza mvuvi atakujibu kwa neno moja: Sabaki, yaani mto unaoingia baharini hapo jirani. Jibu ni hilohilo, ila linazaa swali jingine. Sabaki nao umeyatoa wapi maji hayo, ilhali vijiji vya jirani kama Ganda na Kakuyuni ni vumbi tupu?

Umeyatoa mbali. Sabaki ni jina la kipande cha mwisho tu. Mto huohuo ukipita Tsavo huitwa Galana, na huko juu zaidi ni Athi. Kwa jumla una urefu wa takriban kilomita 390, wa pili nchini Kenya baada ya Tana.

Wengi hudhani mto una jicho moja mahali fulani mlimani, ukilifikia umefika mwanzo. Athi hauna jicho la namna hiyo. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husukumwa bara, na ikifika nyanda za juu hulazimika kupanda, ikapoa, unyevu wake ukawa mvua. Penye msitu, maji hayakimbii. Hunywewa na udongo, yakashuka polepole hadi kwenye mwamba yasioweza kuupenya, kisha yakafuata mteremko chini kwa chini mpaka yatokee bondeni kama chemchemi au kinamasi. Mto Nairobi, kwa mfano, huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu. Mbagathi hutoka upande wa Ngong. Ruiru na Ndarugu huteremka kutoka kusini mwa Nyandarua. Yote huishia Athi, na kubishana upi ndio chanzo halisi ni kupoteza wakati.

Hapo karibu na Thika pana jambo linalonifurahisha kila nikitazama ramani. Mto Ndarugu na mto Thika ni majirani, umetenganishwa mmoja na mwenzake kwa mgongo wa ardhi tu. Mvua ikinyesha juu ya mgongo huo, maji ya upande mmoja huteremka na Ndarugu hadi Athi, yakaja kwetu Malindi. Ya upande wa pili hufuata Thika hadi Tana, yakaingia baharini Kipini, kule kuelekea Lamu.

Chini zaidi, Athi huungana na mto Tsavo, na hapo ndipo jina Galana linapoanza. Tsavo hupata maji ya Kilimanjaro, ambayo watu hupenda kuyaita maji ya theluji. Theluji huchangia kidogo sana; kazi kubwa hufanywa na mvua ya msitu ulio chini yake. Tsavo hulishwa pia na chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hunyesha juu ya vilima vya Chyulu. Chyulu ni majivu na mawe ya volkeno yenye matundu, hivyo mvua hudidimia yote, na juu yake hakuna mto wa kudumu hata mmoja. Yakitokeza Mzima, maji ni maangavu kiasi cha kuwaona viboko wakitembea chini.

Basi wekundu si wa vyanzoni. Mto huuokota njiani, hasa Ukambani, kwenye udongo mwekundu wa miteremko iliyolimwa na kulishwa mifugo hadi ikabaki wazi. Mvua kubwa ikipiga pale, udongo husombwa, na baada ya siku kadhaa unapita chini ya daraja la Sabaki, juu yetu mbingu ikiwa nyeupe.

Chota glasi ya maji hapo darajani uiache mezani. Mchanga hutua mara moja, lakini tope laini hubaki likielea kwa muda mrefu. Baharini ni vivyo hivyo. Mchanga hubaki karibu, ndio ulioupanua ufuo wa Malindi, na tope huenda mbali likawafikia hata matumbawe, ambayo hayalipendi kabisa. Kamba, kwa upande wao, hunawiri kwenye maji hayo ya mdomoni.

Tope litaenda wapi, huamua upepo. Mafuriko ya masika hukuta kusi imeanza, nayo huyasukuma kaskazini, kwenye ghuba ya Ungwana. Mambrui na Ngomeni huyapata kwanza. Ya vuli huja kaskazi ikiingia, yakarudishwa kusini, mjini Malindi na kwenye hifadhi ya bahari. Ndiyo sababu huyo mgeni wa Novemba hununa kuliko yule wa Juni.