Vifo vya Normandy havikuanzia Normandy
Wengi huamini kwamba vifo vya uvamizi wa Normandy, ule wa majeshi ya Washirika dhidi ya Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, vilianzia kwenye fukwe za Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Sivyo. Usiku wa kuamkia 28 Aprili mwaka huo, meli za Wamarekani waliokuwa wakielekea Slapton, Uingereza, kwa mazoezi ya kutua ufukweni kujiandaa na uvamizi huo, katika eneo ambalo wakazi wapatao 3,000 walikuwa wamehamishwa, zilishambuliwa na boti za Kijerumani zenye topido (makombora ya majini), na idadi inayotajwa zaidi ya waliokufa ni 749. Inauma kwamba baadhi yao, kwa kutofundishwa vyema, walifunga mikanda ya kuelea kiunoni badala ya kwapani, wakapinduliwa na mizigo mgongoni. Kifaru cha vita kilichoopolewa baharini mwaka 1984 sasa kinawakumbuka, kijijini Torcross.