Mkono umewekewa chuma, mbona mwili umechoka hivi? Maswali na majibu

Nilianguka na boda nikavunjika kifundo cha mkono, wakapasua wakaweka pleti na skrubu. Sasa wiki ya pili hii nachoka hata kwa kukaa tu, kawaida?

Kawaida. Watu wanadhani chuma kikishaingia kazi imeisha, kumbe pleti inashikilia tu mfupa usicheze, anayeunga ni mwili wenyewe na hiyo kazi inakula nguvu na protini kwa wiki 6 hadi 8 hivi, halafu ongeza hapo nusu kaputi, kuamka amka usiku kwa maumivu, na dawa kama tramado zinazolewesha na kukata hamu ya kula. Ila uchovu ukizidi badala ya kupungua, kizunguzungu, moyo unaenda mbio ukipanda ngazi tu, nenda kapime wingi wa damu.

Uchovu wenyewe unachelewesha kupona?

Sana, maana aliyechoka hali chakula na wala hafanyi mazoezi ya vidole. Hilo la vidole ndo wengi wanalidharau, visipokunjwa na kunyooshwa vinavimba vinakakamaa, baadaye eksirei inaonyesha mfupa umeunga safi lakini mtu hawezi kufunga kifungo cha shati. Kama daktari hajakukataza, fanya kidogo kidogo mara nyingi kwa siku: kunja ngumi, nyoosha, gusisha dole gumba kwenye ncha ya kila kidole, ukipumzika mkono uwe juu ya mito, usawa wa juu ya moyo. Na mchana lala tu, wakikuita mvivu waache.

Mama mkwe analeta supu ya makongoro kila siku, si inatosha?

Mshukuru na uinywe, inashuka vizuri ukiwa huna hamu, lakini kalisiamu iliyomo kwenye supu ya mifupa ni kidogo mno kuliko inavyosifiwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanaishinda mbali, maziwa na mtindi pia. Halafu protini, mtu wa kilo 60 anayeuguza mfupa alenge kama gramu 70 kwa siku (mwenye tatizo la figo amuulize daktari kwanza), na yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo chai na andazi asubuhi, ugali na mchicha usiku, hufiki hata kidogo. Ongeza mayai, maharage, karanga kwenye huo mchicha, chungwa au pera, na chai isubiri kama lisaa baada ya kula maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Na sigara?

Acha. Inachelewesha mfupa kuunga.

Mama yangu ana miaka 60, yeye aliteleza tu bafuni akavunjika palepale.

Huyo aulizie kipimo cha uimara wa mifupa, kuvunjika kwa kuanguka kidogo hivyo mara nyingi ni mifupa imepungua nguvu, na lishe peke yake inaweza isitoshe.

Nisisubiri kliniki nikiona nini?

Usaha, homa, vidole kufa ganzi au kubadilika rangi, au maumivu yanayozidi hata ukimeza dawa. Siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.