Karatasi za alama za Pittsburgh Pirates

Kazi yangu katika besiboli ni kuandika alama. Wengine wanapotazama mpira ukiruka, mimi nimeinamia karatasi yenye vijumba, naandika nani kapiga, nani katolewa, nani kafika besi ipi (vituo vinne ambavyo mpigaji huvizunguka ili kupata pointi) na kwa njia gani. Karatasi ikiandikwa vizuri, mtu ambaye hakuwepo uwanjani anaisoma na kuuona mchezo wote. Ndivyo ninavyowafundisha vijana. Lakini kuna timu moja ambayo karatasi zake huwa naziweka mezani ili kuwaonyesha mahali alama zinapofika mwisho, nayo ni Pittsburgh Pirates ya Pennsylvania, Marekani.

Naanza na usiku wa Mei 26, 1959, Milwaukee. Kwa asiyeujua mchezo: kila timu hupiga kwa zamu tisa, na kila zamu huisha wapigaji watatu wakitolewa. Kwa hiyo mrushaji akiwatoa wote 27 bila hata mmoja kukanyaga besi, tunasema amecheza mchezo kamili. Wapo warushaji wakubwa waliostaafu bila kuupata hata mara moja. Harvey Haddix wa Pirates usiku ule aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, zamu 12 nzima, tena akiwa na mafua. Shida ilikuwa upande wa pili. Wenzake walimpiga Lew Burdette, mrushaji wa Milwaukee Braves, mapigo safi 12, yaani yale yanayomfikisha mpigaji besi bila kosa la mdakaji, wasipate pointi hata moja, na mchezo ukaendelea kupita zamu tisa.

Zamu ya 13, Félix Mantilla akapiga mpira wa chini kuelekea besi ya tatu, Don Hoak akaudaka na kuurusha vibaya. Hilo huandikwa kosa la mdakaji, si pigo. Eddie Mathews akaugusa mpira taratibu, akakubali kutolewa ili Mantilla asogee besi ya pili. Hank Aaron akapewa besi ya kwanza makusudi, asije akaharibu kazi. Ndipo Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka uzio. Aaron akadhani umeangukia ndani, akaacha kukimbia, Adcock akampita njiani, na kwa sababu hiyo homu rani, yaani pigo la kuvusha uzio linalompa mpigaji besi zote, ikageuzwa kuwa pigo la besi mbili. Matokeo yakaandikwa 1-0.

Mwaka 1991 ligi kuu iliandika upya maana ya mchezo usio na pigo: mrushaji lazima amalize mechi yote bila kupigwa. Haddix akatolewa kwenye orodha. Kama mwandika alama sina ubishi, kanuni ni kanuni, wala kalamu yangu haina ruhusa ya kumhurumia mtu. Hata hivyo nimeinakili karatasi ile kwa mkono zaidi ya mara moja, na kila nikifika zamu ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, vijumba vile vya wapigaji waliotolewa vikifuatana bila doa, namwona mtu aliyefanya zaidi ya mchezo kamili akapewa kidogo kuliko anayeufanya.

Mwaka mmoja baada ya usiku ule wa Haddix mambo yakageuka. Kwenye World Series ya 1960, fainali ya ubingwa wa ligi kuu, dhidi ya New York Yankees, jumlisha pointi za mechi zote saba: Yankees 55, Pirates 27. Pirates walipigwa 16-3, wakapigwa 10-0, wakapigwa 12-0. Na wakatwaa ubingwa, maana mechi nne walizoshinda walizishinda kwa tofauti ndogo. Ya mwisho ilichezwa Forbes Field, Oktoba 13. Kuna jambo kwenye karatasi yake ambalo watazamaji hawalioni: hakuna herufi K hata moja, alama ya mpigaji aliyetolewa kwa kukosa mara tatu. Mchana kutwa kila aliyeshika gongo ama aliugonga mpira ama alipewa besi. Zamu ya tisa ya Pirates ikafika wakiwa 9-9, na Bill Mazeroski, aliyejulikana zaidi kwa mikono yake ya kudaka, akampiga Ralph Terry, mrushaji wa Yankees, homu rani. Mpaka leo hakuna mechi nyingine ya saba ya World Series iliyoishia kwa homu rani. Uwanja ulibomolewa, kipande cha ukuta kikaachwa, na mashabiki hukutana hapo kila Oktoba 13 kusikiliza tena matangazo ya redio ya siku ile.

Karatasi ya Septemba 1, 1971 haina ajabu yoyote ukiisoma haraka. Pirates 10, Philadelphia Phillies 7, watazamaji 11,278. Soma majina ya walioanza: Stennett, Clines, Clemente, Stargell, Sanguillén, Cash, Oliver, Hernández, Ellis. Wote tisa walikuwa weusi, Wamarekani pamoja na watu wa Panama, Puerto Rico na Kuba. Haikuwahi kutokea katika ligi kuu. Karatasi ya alama haina kijumba cha rangi ya mtu, na kocha Danny Murtaugh alishikilia kwamba alipanga wachezaji wake bora.

Mimi hapo huwaomba vijana warudi nyuma. Josh Gibson, mpigaji wa kuogopwa wa Homestead Grays, alicheza besiboli mjini humo humo Pittsburgh katika ligi za weusi, akafa Januari 1947 akiwa na miaka 35, chini ya miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu, hajafunguliwa mlango kwenye timu ya Brooklyn. Pirates wenyewe walisubiri hadi 1954 kumchezesha Curt Roberts, mchezaji wao wa kwanza Mmarekani mweusi. Miaka 17 baadaye, tisa kwa mpigo. Mwezi uliofuata wakawa mabingwa, na Roberto Clemente alipiga pigo safi katika kila mechi ya zile saba dhidi ya Baltimore.

Septemba 30, 1972 Clemente alipata pigo lake la 3,000. Desemba 31 akapanda ndege iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la Managua, Nicaragua. Ikaanguka baharini karibu na San Juan. Rafiki yake Manny Sanguillén hakwenda kwenye ibada ya kumkumbuka, alikuwa baharini akipiga mbizi kumtafuta. Mwili haukupatikana.

Miaka ishirini mfululizo ya kushindwa, 1993 hadi 2012, naipita.

Karatasi ya mwisho ninayowapa vijana ni ya Aprili 26, 2017, Pirates dhidi ya Chicago Cubs. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli huko Randburg nao wakiishi hapo hapo klabuni, aliingia uwanjani akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu. Mara yake ya kwanza kushika gongo, dhidi ya mrushaji Jon Lester, alifika besi ya kwanza kwa pigo safi. Nawaachia kijumba hicho kitupu, wakijaze wenyewe.