Je, wajua kwa nini gauni pana jeusi linaweza lisikuchome juani?

Kuhusu mavazi ya kiangazi, Dodoma nzima ina jibu moja: jua likiwaka, weka nyeusi kabatini, toa nyeupe. Fundi cherehani atakwambia hivyo, muuza mitumba wa Sabasaba naye atakwambia hivyo, na somo la sayansi la shule litawaunga mkono, kwa sababu rangi nyeusi hufyonza joto na nyeupe huliakisi. Basi anayependa nyeusi huivaa Juni na Julai wakati wa baridi, na Septemba ikiingia anaikunja mpaka mwaka ujao.

Somo la shule halina kosa. Kosa ni la hatua tunayoiruka: kinachofyonza joto ni kitambaa, na kitambaa si ngozi. Kati ya hivyo viwili kuna hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoamua kama joto litamfikia mvaaji au litaondoka njiani.

Mwaka 1980, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Amiram Shkolnik na wenzake kuhusu Wabedui, wafugaji wa jangwani ambao baadhi yao kijadi huvaa kanzu nyeusi pana. Mtu wa kujitolea alisimama akilikabili jua la mchana katika jangwa la Negev, joto la hewa likiwa kati ya nyuzi 35 na 46, huku akibadilisha mavazi. Kanzu nyeusi ilifyonza joto zaidi kuliko nyeupe, kama sote tunavyotarajia. Lakini joto lililofika mwilini lilikuwa sawa kwa kanzu zote mbili. Ile ziada ya kanzu nyeusi ilipotea kabla ya kugusa ngozi.

Tusiupe utafiti huo uzito kuliko unaostahili. Ulikuwa mdogo, na mvaaji alisimama tu. Haukumpima mtu anayebeba zege au anayepanda mlima wa Imagi. Tena wapo walioelewa matokeo yake kwa njia isiyo sahihi, wakidai kwamba nyeusi hulinyonya joto la mwili kutoka ndani na kulitupa nje. Hapana. Sehemu ya joto la mwili hutoka kwa miale isiyoonekana, na kwa miale hiyo pamba nyeusi na pamba nyeupe hazitofautiani kwa maana. Nguo nyeusi haipoozi kwa weusi wake. Kinachowezekana ni weusi huo usikudhuru, na sababu yake iko kwenye umbo la nguo.

Fikiria nyumba mbili zilizoezekwa bati la aina moja. Ya kwanza haina dari, na ukikaa ndani saa saba mchana unahisi bati limekaa utosini. Ya pili ina dari, na juu ya dari pameachwa matundu ya hewa pande zote mbili. Bati lake linaungua vilevile, lakini hewa iliyo chini yake ikipata moto inatoka kwa tundu moja na nyingine inaingia kwa tundu la pili, kwa hiyo aliye chumbani hapati joto lote la bati. Fulana nyeusi ya kubana ni nyumba isiyo na dari. Gauni pana lenye nafasi kati ya kitambaa na mwili ni nyumba yenye dari na matundu.

Nguo pana ina jambo moja ambalo nyumba haina. Hewa ikipata moto hupanda, kama moshi unavyopanda kwenye bomba la jikoni. Kitambaa cheusi kinapopata moto, hewa iliyo nyuma yake inapanda kuelekea shingoni na kutoka, na nafasi yake inajazwa na hewa inayoingia chini kwenye pindo. Kadiri kitambaa kinavyozidi moto, ndivyo mvuto huo unavyozidi. Kisha mvaaji anatembea, upepo unavuma, na nguo inapiga hewa kama mivukuto ya mhunzi. Dodoma ina faida hapa kuliko Negev. Mchana wa Oktoba na Novemba hewa yetu huwa kwenye nyuzi 30 au juu yake kidogo, wakati ngozi ya mtu mwenye joto ina nyuzi 33 hadi 35. Hewa inayopita, hata bila jasho, inachukua joto mwilini. Jasho nalo hukauka upesi kwa kuwa hewa ya kiangazi chetu ni kavu, na hupooza ngozi kwa njia ileile inayoyapooza maji ndani ya mtungi wa udongo.

Kuna kingine ambacho macho hayawezi kutuonyesha. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ni miale isiyoonekana, tofauti na ile inayotoka mwilini, na rangi nyingi za viwandani zinazotia pamba weusi hazifyonzi miale hiyo kwa wingi. Nguo inayoonekana nyeusi tititi inaweza kuwa inairudisha sehemu nzuri yake. Kwa upande wa pili, nyeupe nyembamba huakisi mwanga mwingi lakini pia hupitisha mwingi, na unaopita unatua moja kwa moja kwenye ngozi. Inua fulana nyeupe nyepesi dirishani: ukiona vidole vyako, jua nalo linaviona.

Kanuni ya zamani ina mahali pake, na ni pengi. Inafanya kazi kila hewa inapokwama: skintaiti nyeusi, jinzi ya kubana, koti la bodaboda akiwa kijiweni anasubiri abiria, suti nyeusi yenye bitana nzima ya poliesta anayoivaa mtumishi akivuka kiwanja kwenye Mji wa Serikali kule Mtumba. Humo mote rangi nyepesi inakusaidia kweli. Suti unaweza kuipunguzia adha kwa kumwomba fundi aweke bitana kwenye mabega na mikono peke yake, mgongo auache bila bitana.

Mabega yanahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo nguo pana nyingi za Dodoma zinaposhindwa. Kitambaa hata kiwe pana kiasi gani, lazima kining'inie mahali, na mahali hapo ni mabega. Hakuna nafasi ya hewa pale. Sasa, Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua hupita karibu utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, ambapo huwa juu zaidi kama saa sita na nusu mchana. Kwa hiyo katika majira yetu makali, jua la mchana linapiga sehemu ileile ambayo kitambaa kimegusa ngozi. Anayelalamika kwamba gauni lake pana jeusi linamchoma mara nyingi anasema kweli, ila anachomwa mabegani na juu ya mgongo. Dawa ni tabaka la pili pale: kipande cha mabegani kilichoshonwa mara mbili kwa pamba, khanga ya rangi nyepesi iliyotupiwa juu, au kofia yenye ukingo mpana. Ikifika saa tisa jua limeshuka, linapiga kifua au mgongo, na nafasi ya hewa inarudi kazini.

Ukienda kwa fundi, usiseme tu "nishonee pana". Mwambie inchi. Shati la kukaa mwilini huongezewa inchi 2 hadi 4 juu ya kipimo cha kifua. La kupitisha hewa liongezewe 8 hadi 10. Kwapa zishuke kidogo, mikono iwe mipana bila lastiki, shingo iwe wazi au iwe na vifungo vya kufunguliwa. Pembeni chini aache mipasuo ya inchi 6 hadi 8. Kosa linaloharibu kazi yote ni mkanda au lastiki kiunoni: umeziba bomba katikati, na hewa ya chini haipandi tena. Ukipenda kiuno kionekane, kamba ya kufunga nyuma peke yake inaacha mbele wazi.

Kitambaa kiwe pamba au kitani. Kipulizie kwa mdomo, kiganja kikiwa upande wa pili. Pumzi isipofika, kiache. Kwa pamba ya mashaka, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu.

Kwa watu wenye ualbino, shauri la "vaa nyeupe nyepesi" linaweza kuwa na madhara. Fulana nyembamba nyeupe ya pamba mara nyingi hupitisha kama sehemu moja kati ya tano hadi kumi ya miale ya urujuanimno, yaani ile ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi, na ikilowa jasho hupitisha zaidi. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, chenye rangi iliyokolea, huizuia vizuri zaidi. Gauni au shati pana la bluu iliyokolea au jeusi, mikono mirefu na kofia, linawafaa kuliko nyeupe inayopenya mwanga.

Baada ya hapo adui wa nyeusi ni vumbi jekundu na kuchuja. Kung'uta nguo kabla ya kuiloweka, vumbi lisisugue nyuzi. Ifue ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi, na uianike kivulini, kwa sababu jua lisilokuchoma wewe bado linaichubua rangi.