Lile duara kwenye picha ya ubongo si jeraha la utotoni

Kuna mchoro ambao nimeshaonyeshwa na wagonjwa wengi, hata sasa naujua kwa moyo. Ubongo umepakwa rangi. Upande wa kulia kuna huzuni ya baba asiyekuwepo, nyuma kuna aibu, katikati kuna hofu uliyorithi ukiwa tumboni mwa mama. Maelezo yaliyo chini yanasema kwamba uvimbe ukiota mahali fulani, au kipandauso kikikushika upande fulani, hapo ndipo lilipojificha jeraha fulani la utotoni. Lifukue, usamehe, utapona. Mimi ni daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, na swali linalofuata ni lile lile: "Daktari, kuna ukweli hapa?"

Upo, na ndio unaofanya watu wengi waamini. Ubongo kweli umegawana kazi, na maisha ya utotoni kweli yanaacha alama ndani yake. Uongo unaanzia pale mtu anapochukua kweli hizo mbili na kuzifanya ramani ya kusomea maisha yako.

Ramani za aina hii si ngeni. Mwishoni mwa karne ya 18 daktari Franz Joseph Gall alikuwa akifundisha mjini Vienna kwamba ubongo una viungo 27 vya tabia, na kwamba kila kimoja kikikua kinasukuma fuvu kwa nje. Ukipapasa kichwa cha mtu utamjua kama ni mwizi au ni mwenye huruma. Kazi ya kupapasa vichwa iliendelea kwa miongo mingi na watu waliilipia. Gall hakuwa mjinga; wazo lake kwamba sehemu tofauti za ubongo zina kazi tofauti lilikuja kuthibitika. Mwaka 1861 Paul Broca alionyesha kwamba mtu akiumia sehemu ya mbele upande wa kushoto anaweza kupoteza usemi huku akielewa anayoambiwa. Kusema, kuona, kusogeza mkono: kazi kama hizi nikimpima mgonjwa kitandani naweza kukisia palipoharibika hata kabla ya picha.

Hisia ni habari nyingine. Chukua hofu, ambayo kila mchoro huiweka kwenye amigdala, kijisehemu kilichozama ndani ya ubongo karibu na usawa wa masikio. Yuko mwanamke anayejulikana kwenye machapisho ya kitabibu kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa adimu wa kurithi uliharibu amigdala zake zote mbili. Watafiti walimpeleka kwenye duka la nyoka na buibui, akawashika nyoka kwa udadisi. Wakampeleka kwenye nyumba ya kutishia watu, akawa anacheka. Mpaka hapo ramani inaonekana kushinda. Lakini mwaka 2013 walichapisha jaribio jingine: walimvutisha hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, ambayo huupa mwili taarifa kwamba unakosa pumzi. S.M. alishikwa na hofu kali, na akaomba msaada avuliwe barakoa. Hofu ilikuwapo siku zote. Tishio linaloonekana kwa macho linapitia njia moja, tishio linalotoka ndani ya mwili linapitia nyingine. Basi hata hisia ambayo imechunguzwa kuliko zote haina makazi mamoja.

Kuhusu "watu wa ubongo wa kulia" na "watu wa ubongo wa kushoto" sitakaa sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013, wasimwone mtu ambaye upande mmoja wa ubongo wake ndio uliotawala.

Toleo la hatari zaidi lilitoka kwa daktari Mjerumani, Ryke Geerd Hamer. Mwaka 1978 mwanawe alipigwa risasi akafariki, na baadaye Hamer mwenyewe akapata saratani ya korodani. Akaviunganisha vitu hivyo viwili, na humo akajenga fundisho zima: kila saratani inaanzia kwenye mshtuko wa ghafla, na kila aina ya mshtuko inaacha duara mahali pake maalumu ndani ya ubongo. Ushahidi wake ulikuwa picha za CT zenye maduara, kweli yanayoonekana.

Maduara hayo tunayajua vizuri. Mashine ya CT ina safu ya vihisi vinavyopokea mionzi ya eksirei huku vikimzunguka mgonjwa. Kihisi kimoja kikipotoka kidogo kwenye vipimo vyake, kosa lake linajirudia mzunguko mzima, na kwenye picha linatoka kama duara. Kitovu cha duara hilo ni kitovu cha mashine. Ukimsogeza mgonjwa sentimita mbili, kichwa kinahama kwenye picha lakini duara linabaki palepale. Ukimpeleka kwenye mashine nyingine, halipo. Fundi akirekebisha vihisi, "mshtuko" umepona.

Hamer alinyang'anywa leseni mwaka 1986 lakini wafuasi hawakuisha. Mwaka 1995 wazazi wa mtoto wa miaka 6 kutoka Austria, aliyekuwa na saratani ya figo, walimtorosha hadi Hispania kwa Hamer badala ya kumpeleka hospitalini. Mahakama iliingilia kati, mtoto akatibiwa kwa dawa za saratani na upasuaji, akapona. Hamer alifariki mwaka 2017. Michoro ninayoletewa leo mara nyingi imebeba fundisho lake bila jina lake.

Sasa utoto. Hapa ushahidi ni mzito na sipendi wenzangu wanaoupuuza. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi za mayatima na waliotelekezwa mjini Bucharest, Romania. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Mawimbi ya umeme ya ubongo ya watoto waliobaki yalikuwa dhaifu zaidi, na waliopelekwa mapema, hasa kabla ya kufikisha miaka miwili, walijikwamua zaidi. Baadaye picha zilionyesha kwamba watoto waliopitia taasisi walikuwa na ujazo mdogo zaidi wa sehemu ya kijivu ya ubongo kwa ujumla.

Kwa ujumla, yaani alama imetapakaa. Tena tofauti hiyo ni ya wastani wa kundi dhidi ya wastani wa kundi jingine. Nikiwekewa mezani picha ya ubongo ya mtu mmoja, siwezi kukwambia kama alipigwa utotoni, achilia mbali kama aliyempiga ni baba au mjomba. Hakuna anayeweza.

Na uvimbe wa ubongo je? Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Vinavyojulikana ni vichache: mionzi mikali iliyowahi kupigwa kichwani, na baadhi ya magonjwa ya kurithi. Mama anayeniuliza kama ugomvi wa ndoa akiwa mjamzito ndio uliomletea mwanawe uvimbe, namjibu hapana, na ninalirudia jibu hilo kabla hajatoka. Mchoro umempa hatia juu ya ugonjwa.

Naelewa wanaovutwa huko. Hospitalini walipewa dakika tano na jina la ugonjwa wasiloweza kulitamka. Kule waliulizwa kuhusu mama yao na wakasikilizwa saa nzima. Hilo ni deni letu. Tiba ya mazungumzo kwa mwenye kiwewe cha utotoni inasaidia, na mimi huwaandikia wagonjwa waende. Haihitaji ramani.

Wakati mwingine mshale unaelekea upande wa pili kabisa: ugonjwa wa ubongo ndio unaoleta hisia. Uvimbe unaoota polepole sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumfanya mtu aache kujali: haogi, hacheki, kazi haimshughulishi. Watu wa nyumbani wanasema ana huzuni ya zamani aliyoifukia. Vivyo hivyo kifafa cha sehemu ya pembeni ya ubongo kinaweza kuja kama hofu ya ghafla inayopanda kutoka tumboni, inakaa nusu dakika, inapotea. Ukimwona mtu aliyebadilika tabia ukubwani bila sababu, au mwenye vipindi vya hofu vinavyofanana kila mara, au kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, au degedege la kwanza ukubwani, mpelekeni akapimwe kwanza. Utoto wake tutauzungumza picha ikishapigwa.